Andika Mwaka Kwanza

Karani wa sensa alivushwa na Tsuma,
viatu mkononi, suruali imekunjwa hadi magotini,
akaketi juu ya kinu kilicholazwa, akafungua fomu:
"Mama, hapa tupo kaskazini ya mto au kusini?"
Nyanya alikuwa anapepeta ufuta. Hakuinua macho.
"Andika mwaka kwanza, ndipo nikujibu."

Mwaka niliozaliwa mimi, Sabaki yenyewe ilipita kusini,
na huku nyuma ya choo palikuwa na kijito tu,
maji ya kifundoni, mbuzi wakivuka bila kusukumwa.
Leo ni kinyume. Maji makuu yamehamia kwa viboko
na kule kusini kumebaki mchanga, matete,
na malori kutoka Malindi yakichota hadi usiku.
Sisi hatujasogea.
Ni mto ulalao ubavu huu, ukichoka ukageukia ule.

Ukitaka vipimo: kwa urefu,
omba kaa la moto jikoni kwa Nyevu, ulipeleke ncha ya mchanga;
utafika na jivu.
Kwa upana, ita. Utaitikwa.
Udongo ni mwekundu, laini, na si wetu.
Kila masika bara hutuletea shamba lake bila barua,
jembe likazama mpaka mpini,
nami hujiuliza ni nani huko juu
anayeamka akakuta mahindi yake yamesimama juu ya jiwe.

Tulifikaje? Kwa amri.
Serikali ya Mzungu ilisema ng'ambo ya kaskazini ihamwe,
kila Mgiriama na kuku wake, na atakayebaki
nyumba yake itakuwa moshi. Ikawa moshi.
Baba wa babu yangu, Mwaro wa Dzombo,
aliingia majini na mbuzi saba, kigoda kichwani,
akafika katikati, akakanyaga pakavu, akakiweka kigoda.
Askari wakapiga kelele kutoka ukingoni.
Akasema: amri imenitaka nitoke kaskazini.
Haikusema nifike kusini.

Hiyo ndiyo historia yetu, mengine ni maji.
Sitini na moja: siku tisa juu ya uchaga,
watu, mahindi na nyoka, na hakuna aliyemgusa mwenzake.
Maji yalipopungua, koma ya Mwaro haikuwepo,
gogo lile zito ambalo halikupaswa kuelea.
Mjomba aliikuta Mambrui, ufuoni, kaa wawili begani,
akaifunga nyuma ya baiskeli kama mgonjwa.
Watu wakanuna: koma haihamishwi.
Mjomba akajibu: sijaihamisha. Nimeirudisha.

Halafu wakaja wapimaji na minyororo yao
na mawe manne ya saruji.
La kwanza limemezwa na migomba. La pili, kwa Nyevu,
ni la kunolea panga. Mawili yaliyobaki yako mtoni;
juu ya moja, jua likiwaka, mamba huja kuota.
Hati yetu inasema mpaka ni ukingo.
Haisemi ukingo wa mwaka gani.

Karani akauliza, "Usiku wa kuamkia leo, walilala wangapi?"
Nyanya akahesabu kwa vidole, akasita,
akatazama kule koma ilipo, akaendelea.
Jumla haikulingana na mikeka. Nilinyamaza.

Alasiri wakivuka, Tsuma akaegemea upondo:
"Bwana, mwishowe umetuweka upande gani?"
Karani alikuwa amekumbatia mkoba, akiyaangalia maji
yaliyokuwa yamepanda kidole kimoja tangu asubuhi.
"Nimeandika kwa penseli," akasema.